Nyonga Iliyonishusha Jukwaani

Vijana wangu mnaoshika mwiko, na ninyi mnaokoroga zege huku mkiomba siku ya kuushika ifike, nawaambia mapema kwamba hapa hakuna hadithi ya ushindi. Nimejenga Tunduma tangu saruji ilipokuwa ya kibali, unaandikiwa mifuko kama mgonjwa anavyoandikiwa dawa, hadi ilipojaa madukani na kila muuza vitenge akataka ghorofa. Leo siwezi kujivalisha soksi ya mguu wa kulia. Mke wangu, mama Tumaini, hupiga magoti mbele yangu kila asubuhi, ananivalisha soksi na kiatu, ananifungia kamba zake, halafu ananipa fimbo. Mimi ndiye fundi Sichone. Wengi wenu mmelala ndani ya kuta zangu bila kujua.

Mkipita hapa barazani mnaniuliza, "Mzee, uligongwa na lori?" Hapana. Wala sikuanguka jukwaani, ingawa ningependa kuwa na kisa cha namna hiyo, maana aliyeanguka ana la kusimulia na watu humwonea huruma. Mimi nyonga iliisha polepole, huku nikifanya kazi, huku nikicheka na wenzangu.

Aliyenifundisha ujenzi ni Mzee Kayange, Mndali wa kutoka Ileje, mtu mfupi, mkali, aliyejifunzia uashi upande wa Zambia. Alikuwa na ndoo moja ya maji aliyoipenda kuliko wanawe. Kila tofali la kuchoma lilipita kwenye ndoo ile kabla ya kupanda ukutani. "Tofali kavu lina kiu," aliniambia siku ya kwanza. "Ukiliweka hivyo hivyo litakunywa maji yote ya mchanganyiko, na saruji yako itabaki unga." Nilidhani ni ushamba wa kizamani, nikapanga kozi mbili, yaani mistari miwili ya matofali, bila kulowesha alipokwenda kunywa togwa. Aliporudi hakunigombeza. Aliegemea tu ukuta kwa bega, ukateremka wote miguuni pangu. Akasema, "Sasa okota."

Nikaokota. Na hapo ndipo nilipojifunza namna ya kuinama, maana fundi mwashi huinama maisha yake yote. Anainama kuokota, anageuka kiunoni na uzito mkononi, anapanda. Mguu mmoja kwenye mlunda, ule mti wa jukwaa, mwingine hewani, na mwili wote unazunguka juu ya nyonga moja. Hakuna aliyeniambia kwamba kiungo kile kina mwisho. Sijui hata kama kazi ndiyo iliyokimaliza. Madaktari wenyewe hawakuniambia kwa hakika. Wengine walisema kazi, mwingine alisema labda nilizaliwa na kasoro, na mmoja alisema jambo jingine nitakalowaambia baadaye.

Zilipokuja zile nyakati za ruksa, biashara ilipofunguliwa, mji ulifumuka. Malori yalipanga foleni kuelekea Nakonde, ng'ambo ya mpaka, madereva wakahitaji pa kulala, na kila mwenye kiwanja akataka gesti. Kulikuwa na bwana mmoja, Silwimba, aliyetaka vyumba vingi kuliko kiwanja kilivyoweza kubeba. Nikamweleza kwamba nikibana hivyo, milango itakuwa myembamba. Akasema, "Wewe jenga, anayelala haingii na ng'ombe." Nikajenga. Siku ya kuingiza magodoro alitaka kuonyesha mfano, akajitwika godoro na kuingia nalo kwa mbele. Lilikwama, naye akakwama nalo. Tulimvuta kwa miguu, mimi na Wazambia wawili waliokuja kutafuta chumba, mmoja akisema, kwa namna yao ya kumwita mzee, "Bamudala, hii nyumba ni ya panya." Tulicheka hadi machozi. Nakumbuka vizuri kwamba ni siku ile, nikiwa nimeshika mguu wa Silwimba, nilisikia kwa mara ya kwanza kitu kikinichoma ndani ya kinena, kama mtu ameingiza msumari na kuuchomoa haraka. Nikaendelea kucheka.

Baada ya hapo maumivu yakahamia gotini. Sikilizeni hapa, maana hili ni la manufaa hata kama mengine yote mtayasahau. Nyonga ikiharibika inaweza kulia kupitia goti. Mimi sikujua. Nilipiga picha ya goti hospitalini Vwawa, ikatoka safi. Nikapaka goti mafuta ya simba, nikalifunga vitambaa, nikaenda kwa mganga bondeni Momba akanichanja chale gotini. Goti lile lilibeba lawama zote na halikuwa na kosa lolote. Ukiumwa goti na picha ikaonyesha goti zima, mwambie daktari azungushe paja lako na kuitazama nyonga. Angelizungusha mtu mapema, labda tungezungumza mengine.

Huku kwetu baridi ya mwezi wa sita na wa saba mnaijua, na ule upepo unaoleta vumbi la malori. Miezi hiyo nilipanda jukwaa kama mzee anayepanda kitanda. Wenzangu waliona. Walianza tu kunipa kazi za chini, kupiga plasta ya sehemu za chini, kupanga sakafu. Nikakasirika, nikaona wananifukuza kwa adabu. Ndipo nilipoanza kumeza vidonge.

Vilikuwa vidogo, vyeupe, vimefungwa kwenye karatasi isiyo na jina, vinauzwa na kijana mmoja karibu na mpaka pamoja na betri na nyembe. Vijana wa saiti walivipa jina la "saidia fundi". Kweli vilisaidia. Ukimeza asubuhi, kufikia saa nne unapanda jukwaa unapiga mluzi. Nilirudi juu. Nilijenga maghala, nilijenga duka la binti yangu Tumaini anapouzia vitenge hadi sasa, nilifunga linta na mkanda wa zege wa kanisa letu. Uso wangu ukawa wa mviringo, mashavu yakajaa, na watu wakanisalimu njiani, "Fundi, maisha yamekukubali!" Hata mimi nilijitazama kwenye kioo nikaona nimenawiri. Nilikula kwa hamu. Nilikunywa maji mengi usiku na mchana, nikasema ni vumbi la saruji.

Siku vidonge viliposhindwa nilikuwa nimeshika pima maji kwenye ghorofa ya kwanza ya jengo la mtu mmoja wa Mbozi. Nilitaka kugeuka, mguu haukugeuka. Ulikataa kama mlango uliovimba kwa mvua. Nilikaa juu ya ukuta nikiwa nimeukumbatia, na mafundi wakanishusha kwa kamba ile ile tunayopandishia ndoo za zege. Mmoja alikuwa anatania ili nisione aibu, anaita, "Zege inashuka, jamani, pisheni!" Nikacheka naye. Nilipofika chini nikaketi kwenye rundo la mchanga na nikajua sitapanda tena.

Mbeya, kwenye kliniki ya mifupa, tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Pembeni yangu aliketi mama mmoja wa Kinyiha, Mama Nzunda, mkulima wa kahawa kutoka vijiji vya Mbozi. Tulitambuana kwa namna ya kukaa. Mwenye nyonga mbovu hakai wima, huegemea upande mmoja na kuuweka mguu mbele kama si wake. Aliniangalia akasema, "Baba, na wewe ni huu wa kulia?" Nikamwambia ndiyo. "Mimi ni wa kushoto. Tukifungwa pamoja tunapata mtu mmoja mzima." Huyo ndiye mtu wa kwanza aliyenichekesha tangu niliposhushwa kwa kamba.

Yeye ndiye aliyenifundisha mambo madogo yanayomsaidia mgonjwa kama sisi. Fimbo ishikwe mkono wa upande wa mguu mzima, si wa mguu mbovu. Mimi nilikuwa nimeishika kinyume muda wote. Ukipanda ngazi tanguliza mguu mzima, ukishuka tanguliza mbovu. Kiti kiwe kirefu. Alisema, "Na msibani usikubali kukalishwa mkekani kwa heshima, baba. Watakuja kukuinua mbele za watu." Nikakubali kwa kichwa, maana lilishanipata. Pale wanaume wanapopokezana koleo kaburini, mimi nilipewa kiti cha plastiki pembeni, na waliopita waliniambia pole kana kwamba nimefiwa mimi.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole. Aliiweka picha kwenye taa. Upande wa kushoto niliona duara zuri limekaa ndani ya kikombe chake. Upande wa kulia hapakuwa na duara. Palikuwa na kitu kimebonyea, kimegusana na kikombe bila nafasi yoyote.

"Baba, umekuwa ukimeza dawa gani?"

Nikamtajia vile vidonge. Aliniuliza rangi, ukubwa, nimemeza muda gani. Akavua miwani.

"Sina hakika bila kuviona," akasema. "Lakini vipo vya aina hiyo ambavyo vikimezwa muda mrefu huua mfupa kwenye nyonga. Na hupandisha sukari. Hii yako inaweza kuwa ilianza kwa kuchakaa kwa kawaida, halafu vidonge vikamalizia."

Nilimwuliza dawa yake. Akasema dawa ya kurudisha mfupa ule haipo. Kilichopo ni kubadilisha kiungo, kukata kile kilichokufa na kuweka cha chuma, na kwamba hilo hufanyika Dar es Salaam.

"Nikishawekewa, nitapanda jukwaa?"

"Hapana, baba."

"Nitabeba mfuko wa saruji?"

"Hapana."

"Kuchuchumaa je?"

"Kuchuchumaa usijaribu kabisa."

"Sasa mnaniwekea nyonga ya kufanyia nini?"

Hakuudhika. Alisema, "Ya kulala bila kuamka unalia. Ya kwenda chooni mwenyewe. Ya kutembea hadi kanisani na kurudi." Nilitoka nimekasirika. Niliona ametaja mambo ya mtoto mdogo. Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa ametaja kila kitu ambacho sikuwa nacho tena.

Nyumbani kukawa na mabishano. Kaka yangu mkubwa, Lazaro, alikuja kutoka kijijini kwa ajili hiyo tu. Akasema mbele ya wote, "Mdogo wangu, mfupa wa mtu si springi ya lori. Wakishakukata huko, nani atajua wamekuwekea nini? Kaa nyumbani, uzee ndivyo ulivyo." Tumaini akamjibu kwa heshima, "Baba mkubwa, huu si uzee, ni ugonjwa." Lazaro akanitazama mimi niamue.

Mama Tumaini alingoja hadi watu walipotawanyika. Kisha akaniambia, "Unafikiri nataka uende kwa sababu nimechoka kukuvalisha viatu?"

"Umechoka?"

"Sijachoka. Nimechoka kukusikia ukilia ukidhani nimelala."

Nikakubali. Tumaini akashughulikia safari, ndugu wakasaidia, na Mama Nzunda akapiga simu kusema kwamba watoto wake nao wamekubali afanyiwe upasuaji, na yeye anatangulia. "Nitakutengenezea njia, baba," akasema.

Basi la Dar es Salaam lilinivunja. Kila tuta nilishika chuma cha kiti cha mbele na kumwombea dereva mema. Kule hospitali walinipokea vizuri, sina malalamiko nao. Walinipima damu, mkojo, moyo. Daktari wa upasuaji alikuja akifuatana na vijana wanafunzi, akainua shuka, akatazama si nyonga bali ugoko. Pale ugokoni nilikuwa na kidonda kidogo, tofali lilinikwaruza siku za mwisho za kazi, nami nilikizoea, kinafunga na kufunguka.

"Hiki kina muda gani?"

"Ni kidonda tu cha kazi, daktari."

Alikibonyeza pembeni, akauliza majibu ya sukari, akasomewa. Akaketi kitandani kwangu, jambo ambalo madaktari hawalifanyi sana, na hapo moyo wangu ukajua.

"Mzee Sichone, nikikufungua leo, vijidudu vya hiki kidonda vitaingia kwenye chuma nitakachokuwekea. Vikiingia, nitalazimika kukitoa tena. Utabaki huna cha zamani wala kipya. Sitakufanyia hivyo. Rudi nyumbani, sukari ishuke, kidonda kifunge kabisa. Halafu uje."

Tumaini alilia. Mimi sikulia. Nilimwuliza kama anaweza kufumba macho akafanya tu. Akasema, "Mzee wangu, wewe ni fundi. Unaweza kujenga juu ya msingi unaoona umelowa?" Nilimchukia kwa kuuliza swali ambalo jibu lake nalijua.

Tukarudi kwa basi lile lile, matuta yale yale.

Tangu hapo ndiyo maisha yangu. Vidonge vyeupe nimeviacha, madaktari walinipunguzia kidogo kidogo, na mashavu yamerudi ndani. Sasa watu wananiambia nimekonda. Nakula mlenda na ugali kidogo, sinywi soda, na naenda kliniki Vwawa kupimwa sukari. Inashuka, nafurahi, halafu inapanda bila kuniambia sababu. Kidonda kinafunga. Mama Tumaini anakitazama asubuhi anapopiga magoti kunivalisha soksi, anasema, "Leo kimekauka," na nyumba yote inachangamka. Wiki haiishi kinatoa maji tena. Amejifunza kunificha uso wake siku hizo, lakini nimekaa na mwanamke huyu tangu ujana, najua mabega yake.

Mama Nzunda alikuja kunitembelea. Alishuka kwenye bodaboda pale getini, akamlipa kijana, akaja mwenyewe. Alikuwa na fimbo lakini aliishika kama mwavuli. Aliniletea parachichi na kahawa aliyoikaanga. Tulizungumza habari za mvua na bei za kahawa, na mimi nilikuwa natazama mguu wake tu.

"Uliza, baba," akasema. "Naona unataka kuuliza."

"Inaumaje?"

"Mwanzoni kidonda cha kukatwa kiliuma sana, sitakudanganya. Lakini ile nyingine, ile yetu, niliamka haipo. Nilibaki nimelala naitafuta. Nikamwambia muuguzi, mbona haiumi? Akacheka."

Nikamwomba anionyeshe anavyotembea. Akainuka kwenye kiti bila kushika kitu, akavuka uwanja hadi kwenye mti wa parachichi wetu, akageuka, akarudi. Hakuwa akiyumba. Kuku walimpisha. Nilimwambia hongera, na Mungu wangu anajua lile neno lilivyonishinda kutoka. Aliona. Aliketi karibu, akanishika mkono, akasema kwa sauti ya chini, "Na wewe utafika." Nikamwambia, "Mama, usiniambie hivyo tena. Nimeambiwa na kila mtu." Tulikaa hivyo, tukinywa kahawa yake, hadi bodaboda akarudi kumchukua.

Ninyi mnataka ushauri, ndiyo maana mnakaa na mzee. Basi loweka tofali. Usimeze kidonge kisicho na jina. Kidonda kisichofunga kipeleke hospitali kabla hakijawa sehemu ya mguu wako. Mfuko wa saruji ubebwe na watu wawili, na atakayewacheka mwacheni acheke. Hayo nayajua. Lakini kama mnataka niwaambie kwamba nikivumilia mambo yatakaa sawa, mnitafutie mtu mwingine. Kila mwezi nawaza kuomba siku nyingine ya Dar es Salaam, na kila mwezi naogopa lile basi, naogopa ile shuka kuinuliwa. Kaka Lazaro anasema aliniambia. Tumaini anasema tutajaribu tena. Mimi nakaa katikati yao kwenye kiti kirefu.

Juzi juzi Tumaini aliona namna ninavyoteseka chooni kwetu, kwenye lile tundu, namna mama yake anavyonishika kwapani nisianguke. Hakuniuliza. Alileta fundi, kijana mmoja anaitwa Osea, anijengee choo cha kukaa na njia ya mteremko badala ya ngazi. Osea alinisalimu kwa heshima, "Shikamoo fundi," akatoa futi kamba, akaniambia, "Mzee, kaa vizuri nipime kutoka chini hadi gotini." Nikakaa. Akapima mguu mzima, akapima na mbovu, akaandika kwa penseli kwenye tofali.

Nilihamishiwa kiti changu pale pale uwanjani nimtazame. Alipanga kozi kwa kozi, mkono mwepesi, akifuta viungo kwa ncha ya mwiko. Mama Tumaini alipita na ndoo, akaninong'oneza, "Mbona humsemi? Wewe kila fundi humsema." Nilitazama kona, nikatazama kamba, nikatazama mteremko. Nilitafuta kosa kwa bidii, nawaambia ukweli.

Siku kadhaa baadaye, mteremko ukiwa umeshakauka, alimaliza jioni, akaja mbele yangu akifuta mikono kwenye suruali. "Fundi, kuna mahali nimekosea?"

"Hakuna," nikamwambia.

Akaosha mwiko wake kwenye ndoo, akaukausha, akaagana na mama. Kisha akapanda pikipiki yake kwenda kutazama jengo jingine, na mama Tumaini akanishika kwapani, tukaenda kukijaribu choo.